Mwenyekiti Aliyebomoa Ukuta Wake

Wewe unayesoma, hebu weka kando ulichokuwa unakifanya unisikilize kidogo. Nina mtu nataka kukueleza, na nakuambia mapema kwamba mimi mwenyewe simwelewi. Nimefundisha shule ya msingi huku Mamba, milimani juu ya Same, kwa miaka mingi. Kazi yangu ni kueleza jambo mpaka mtoto wa dawati la nyuma kabisa aseme, "Nimeelewa, mwalimu." Huyu nimejaribu kuwaeleza watu wengi, na nafsi yangu pia, na kila nikikaribia mwisho najikuta nimerudi mwanzo. Lakini usiogope. Tutakwenda polepole, na ukipotea njiani ujue hujapotea peke yako.

Sitakuambia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu sote alikuwa Mwenyekiti. Watoto walimwita Bibi Mwenyekiti, sisi tuliokuwa rika la wanawe tulimwita Mama Mwenyekiti, na hata baada ya kuvuliwa uenyekiti hakuna aliyebadilisha jina.

Alikuwa mwenyekiti wa ndiva. Kama hutoki huku kwetu, ndiva ni bwawa dogo la kijiji, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo ubavuni mwa mlima. Maji ya chemchemi huingia usiku kucha. Alfajiri mwenye zamu anaondoa kizibo, maji yanateremka kwa mfereji mpaka kwenye tangawizi yake. Chemchemi yetu ni moja, tena si kubwa. Haijazi ndiva mbili. Ukikumbuka hilo moja tu, mengine yote nitakayosema utayafuata.

Ukuta ukiharibika, baragumu inapulizwa na watu wote wanatoka na majembe. Kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo. Hulipwi, na usipokuja unapigwa faini. Mwenyekiti ndiye alikuwa anapanga zamu za maji na kuita msaragambo. Kwa hiyo kila mtu alimhitaji, na kila mtu alikuwa na sababu ya kumkasirikia.

Nianze na sauti yake. Sauti ya Mwenyekiti ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi, anayetembea kama mtu aliyechelewa, lakini akiita ng'ambo ya bonde watu wa ng'ambo wanaitika. Kwenye kwaya ya usharika wetu aliwekwa mstari wa nyuma ili asiwameze wenzake, na bado aliwameza. Akikasirika midomo ilimtetemeka na machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Alikuwa anaendelea kusema huku yanashuka, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Sasa sikiliza kinachonichanganya. Mtu huyu mwenye moto wa namna hiyo, kwenye siasa alikuwa mtu wa katikati. Namaanisha katikati kabisa. Kijijini kwetu tuna vyama viwili vyenye nguvu, na sitavitaja majina kwa sababu Mwenyekiti asingependa nivitaje. Yeye alikuwa akisema, "Huyu ana nusu ya ukweli, na yule ana nusu. Na nusu zenyewe hazilingani." Ukimuuliza ipi ni kubwa, anasema inategemea na siku.

Wakati wa kampeni vyama vyote vilikuwa vinagawa vitu. Mwenyekiti alipokea vyote. Utamkuta shambani amejifunga khanga ya chama kimoja kiunoni na kofia ya chama cha pili kichwani, anapalilia. Vijana wa pande zote mbili walikasirika. Mmoja akamwambia, "Bibi, chagua basi, unatutia aibu."

"Nimechagua," alijibu bila kusimamisha jembe. "Hii inazuia jua na hii inazuia tope. Kuna kingine zinachofanya?"

Alihudhuria mikutano ya pande zote, na alikaa mbele. Alipiga makofi kuliko mtu yeyote, na alizomea kuliko mtu yeyote. Nakumbuka mkutano mmoja mgeni kutoka Same mjini alishika kipaza sauti akasema wapinzani wake ni maadui wa maendeleo. Mwenyekiti akasimama.

"Mwanangu," akasema, naye hakuhitaji kipaza sauti, "hao maadui unaowasema, mmoja wao ndiye aliyenichimbia kaburi la mume wangu. Na mvua ilikuwa inanyesha. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Watu wakacheka, mgeni akababaika. Wiki ileile, kwenye mkutano wa upande wa pili, msemaji wao aliwaita wenzao wezi. Mwenyekiti akasimama tena. Alisema maneno yaleyale, ila safari hii alimtaja aliyeleta jeneza kutoka Same kwa gari lake bila kudai mafuta. Midomo inatetemeka vilevile, na machozi yanashuka vilevile.

Vijana wakaanza kumwita Vuguvugu. Jina lilitoka kwenye mahubiri juu ya watu wasio moto wala baridi, na aliyelitunga ni Samweli, mwendesha bodaboda mwenye shamba la tangawizi upande wa chini wa mfereji. Samweli alikuwa mwerevu na mwepesi wa ulimi, na alikuwa kiongozi wa vijana wa chama cha upande wake.

"Vuguvugu anapita," alisema siku moja pale kijiweni, si kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti akarudi. Mimi nilikuwa nasubiri pikipiki, nikaona kila kitu.

"Samweli, wewe una mtoto anayeanza kula?"

"Ninaye, bibi."

"Uji unampa wa moto?"

"Hapana."

"Wa baridi, uliokwisha kuganda?"

"Hapana, bibi."

"Basi tazama unachokidharau," alisema, na akamrushia mfuko wake wa sokoni kifuani, na mfuko ulikuwa na viazi. Samweli akaudaka. "Nipeleke gulioni. Na uendeshe taratibu, mimi si gunia."

Unaona? Kauli yake ilikuwa ya mtu mpole, na mkono wake ulikuwa wa mtu mwenye vita. Hata safari zake za gulioni alizipanga. Baada ya uchaguzi kijiwe cha bodaboda kiligawanyika, kimoja kikawa cha chama hiki na kingine cha chama kile, vikitazamana barabara ikiwa katikati. Sisi wengine tulichagua kimoja tukazoea. Mwenyekiti alikwenda gulioni kwa pikipiki ya upande mmoja na kurudi kwa ya upande wa pili, na alimtukana kila dereva kwa makosa ya chama chake mpaka wanafika. Samweli aliniambia mara moja, "Mwalimu, yule bibi akipanda nyuma yangu najisikia kama nimebeba redio."

Vikaoni nako. Watu walikuwa wameanza kukaa kwa makundi, wa juu ya mfereji, ambao wengi ni wa chama kimoja, huku, wa chini, wa chama cha pili, kule. Mwenyekiti hakufungua kikao mpaka wachanganyike. Akisema wasisikie, aliwahamisha mwenyewe. Alikuwapo Mzee Eliapenda, mtu mzito wa upande wa juu, kigogo wa chama cha kwao, mwenye mashamba mazuri na heshima zake. Siku moja alikataa kuhama. Mwenyekiti akashika kigoda chake kwa mikono miwili, mzee akiwa bado amekikalia, akaanza kukivuta.

"Utaniangusha!"

"Ukianguka utaangukia kwa wenzio, si shimoni."

Kikao kizima kikacheka, Eliapenda naye akacheka bila kupenda, akahama. Ilikuwa hivyo. Nisingeweza kumwita mtu wa namna hiyo mpole.

Huenda unajiambia, kama ninavyojiambia mimi, labda hakuwa na msimamo, ndiyo maana akakaa katikati, na kelele zilikuwa za kuficha utupu huo. Nilidhani hivyo kwa muda. Lakini mtu asiye na msimamo huchoka haraka, hukubali jambo ili aende nyumbani. Mwenyekiti hakuchoka. Alibishana kuhusu zamu ya mjane mmoja wa chini mpaka watu wakaanza kusinzia, akawaamsha, akaendelea. Na asidhani mtu kwamba alikuwa wa katikati katika kila jambo. Mpira aliupenda kwa upofu. Timu yake ikifungwa, mwamuzi alikuwa amehongwa, uwanja ulikuwa na mteremko, na mvua ilikuwa imenyesha upande mmoja. Nilimwuliza mbona kwenye mpira hana nusu na nusu. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, mpira ukiisha kila mtu anakwenda kwake. Sisi mfereji wetu unaishia wapi?"

Sasa nikueleze habari ya ukuta, maana hapo ndipo nilipopotelea.

Mwaka ule wa uchaguzi wa kijiji, vuli ilikuja kwa hasira. Maji yalikata ukuta wa ndiva, sehemu kubwa ikateremka bondeni. Kiangazi cha Januari kilikuwa kinakuja na tangawizi ilikuwa ardhini. Bila ndiva, hakuna mavuno, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Lakini uchaguzi ulikuwa umetuacha na vidonda. Wa juu walishinda, wa chini walisema wameibiwa. Mwenyekiti aliita msaragambo mara mbili. Wa juu walisema hawafanyi kazi na watu wanaowaita wezi, wa chini walisema hawafanyi kazi na wezi. Wakaanza hata kunong'ona kila upande uchimbe ndiva yake. Nimekuambia chemchemi haijazi ndiva mbili. Nao walijua. Walinong'ona hivyohivyo.

Ndipo likaja lile kosa. Nakuomba ulitazame vizuri, kwa sababu lilifanywa na watu wazuri.

Siku ya Jumanne, Mzee Eliapenda alipuliza baragumu akawaita watu wake. Wakaanza ukuta kutoka kichwa cha juu, wakafanya kazi nzuri sana, wakafika katikati, wakaacha. Alhamisi, Samweli akawaita wake. Baragumu ilikuwa kwa Eliapenda, kwa hiyo walipuliza vuvuzela ya mpira. Wakaanza kutoka kichwa cha chini, nao wakafanya kazi nzuri, pengine nzuri zaidi kwa sababu walikuwa wanashindana. Wakafika katikati, wakaacha. Ukuta ukawa mzima. Ukitazama kutoka barabarani ulipendeza. Wa juu walipanda bendera yao kwenye kichwa chao, wa chini yao kwenye chao. Maji yakaanza kujaa.

Mwenyekiti alikwenda kuutazama Ijumaa jioni, na mimi nilikuwa naye. Hakutazama kwenye bendera. Alitembea mpaka katikati, pale kazi mbili zilipokutana, akachomeka ncha ya kisu chake cha kukatia majani. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini.

Nikuonyeshe alichokiona. Ukuta wa mawe hushikana kwa sababu kila jiwe limelala juu ya mawili ya chini yake, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumana. Pale katikati hakukuwa na jiwe hata moja lililovuka. Mawe ya Jumanne yaliishia pale, mawe ya Alhamisi yakaanzia pale, na kati yao kulikuwa na mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Ulikuwa umepakwa udongo, basi. Na maji yalikuwa yameanza kutoa jasho jembamba kwenye mstari huo.

Tulikwenda kwa Eliapenda. Akatusikiliza kwa adabu. "Mama Mwenyekiti, upande wetu hauvuji."

Tulikwenda kwa Samweli. "Bibi, shikamoo. Umeukagua upande wetu? Hauvuji hata tone."

Wote wawili walisema kweli. Hilo ndilo lililomtoa machozi njiani, sio uongo wao. "Ningejua la kufanya na waongo," aliniambia. "Sasa hawa wanasema kweli, nifanye nini?" Nikamwambia akapumzike.

Kesho yake alfajiri nilisikia jembe linagonga mawe. Nikakimbia kupanda. Nilimkuta juu ya ukuta, gauni limefungwa magotini, anabomoa katikati. Alikuwa anainua jembe juu kabisa kama mtu anayevunja shamba jipya. Ajabu yake ni hii, na ninaomba uitunze kichwani: kizibo alikuwa amekiondoa kwanza. Maji yote yalikuwa yameteremka kwa mfereji, taratibu, kwenye zamu ya siku hiyo, na zamu ilikuwa yake. Kwa hiyo hata katika wazimu ule hakuharibu shamba la mtu kwa mafuriko. Nimejaribu kuamua kama yule alikuwa mtu aliyepandwa na hasira au mtu aliyepanga kila kitu usiku mzima. Sijaweza.

Watu wakajaa. Eliapenda alifika akihema. "Mama! Umerogwa?"

"Sijarogwa. Shika jembe."

"Unabomoa kazi yetu!"

"Yenu sijaigusa. Nimegusa pale mlipoacha."

Samweli naye akafika, akatazama lile pengo. Akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu kampeni zianze: "Mzee Eliapenda yuko sahihi." Na Eliapenda akamwitikia, "Umesikia? Hata kijana anaona." Wakasimama bega kwa bega, wote wawili wamemnyooshea Mwenyekiti kidole. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, akasema, "Haya, sasa wamepatana."

Kikao kilikaa siku hiyohiyo. Hakukuwa na haja ya kuwachanganya watu, walikuwa wamejichanganya wenyewe kwa hasira. Mwenyekiti alivuliwa uenyekiti. Wengi walitaka afukuzwe kwenye zamu kabisa, lakini mwisho walimpiga faini ya kizamani: siku ya msaragambo awapikie watu wote makande. Alisimama akasema, "Faini nimeikubali. Uenyekiti chukueni. Ila nataka nijue, ni wa upande gani atakayeziba pale?"

Pengo lilikuwa katikati. Halikuwa la juu wala la chini. Wa juu wasingeweza kuliziba bila kugusa mawe ya chini, na wa chini vilevile.

Siku kadhaa zilipita wakibishana. Jua lilikuwa kali. Tangawizi ya wengine ilianza kukunja majani, na yangu ilikuwa mojawapo, sehemu ya juu ya shamba ikakauka isirudi. Sikuambii hili ili umchukie. Nakuambia kwa sababu mtu akisema, "Alifanya vizuri," mimi naona lile shamba, na mtu akisema, "Alifanya vibaya," mimi naona lile pengo.

Mwishowe baragumu ikapulizwa moja. Wakaja wote. Mwenyekiti alikuwa pembeni na sufuria kubwa za makande, anakoroga kana kwamba mahindi na maharage yamemkosea. Jiwe la Eliapenda likalala juu ya jiwe la Samweli, na la Samweli juu ya la Eliapenda, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kuziba. Hawakuongea sana. "Sogeza." "Inua kidogo." "Hapo." Walipokuja kula, Samweli alionja, akasema, "Bibi, leo chumvi umeipatia, haikuzidi wala haikupungua. Makande ya Vuguvugu." Nilidhani atamrushia upawa. Alimwongezea.

Ungetaka niishie hapo, najua. Lingekuwa somo zuri. Lakini baadaye alikuja fundi mmoja wa kujenga kutoka kijiji cha Kisiwani, mtu asiye na upande huku kwetu, akaukagua ukuta. Nilimweleza habari yote. Akakuna kidevu, akasema, "Ule mstari mngeupiga udongo mzito kwa ndani, pengine ungekaa miaka. Pengine. Mara nyingine hukaa." Kwa hiyo sijui. Ukuta tuliojenga pamoja haujavuja pale katikati. Lakini hilo halithibitishi kitu, maana ule wa kwanza hatukuupa nafasi ya kukaa au kubomoka. Nimewaeleza wanafunzi wangu mara nyingi kwamba huwezi kujua kilichozuiwa kama kingetokea. Wanaandika madaftarini mwao. Mimi ndiye ninayebaki nimekwama.

Na lingine. Nilidhani mtu wa katikati ni yule anayepunguza: anapunguza sauti, anapunguza dai lake, anapunguza dai lako, mnakutana. Mwenyekiti hakupunguza kitu. Aliitaka ile katikati kwa nguvu zilezile ambazo wengine waliitaka kwao. Je, mtu anaweza kuishikilia katikati kwa jembe na bado ikawa katikati? Au alikuwa ameshageuka upande wa tatu, mkali kama zile pande mbili? Nikilala na jibu moja, naamka na la pili.

Mara ya mwisho nilimwona Same mjini. Magoti yalikuwa yamekataa milima, binti yake akamchukua akakae naye. Nilishuka kwa shughuli za shule nikapita kumsalimia. Joto la Same unalijua, au kama hulijui, ni joto linalokufanya useme maneno machache. Yeye lilikuwa halijampunguza. Nilimsikia kabla sijafika mlangoni, nikadhani ana wageni. Alikuwa peke yake na redio. Watu wawili walikuwa wanajadiliana siasa redioni na yeye anawajibu wote wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Huyu amesema jambo la maana, halafu ameliharibu. Subiri." Akasubiri mpaka mtu wa redioni amalize, akamwambia, "Ungeishia hapo mwanzo," akazima.

Kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Ukuta unavuja?"

"Hauvuji, mama."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amelala vizuri. Tukazungumza habari za watu. Nikamwambia uchaguzi wa kijiji unakaribia tena, na vijiwe vya bodaboda vimeanza tena kutazamana. Nikamwambia kwamba safari hii wamenichagua mimi kuwa mwenyekiti wa ndiva, na kwamba naogopa. Kisha nikauliza swali nililolibeba miaka yote.

"Mama, niambie ukweli. Wewe hukuwa na upande?"

"Nilikuwa nao."

"Wa katikati?"

"Wa chama." Aliona uso wangu, akacheka mpaka akakohoa. "Kila uchaguzi nimepiga kura, mwalimu. Na kila mara nimekipigia chama kilekile. Wakinikera, wakinifurahisha, kilekile."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Kipi?"

"Nikikuambia utakwenda nyumbani kuanza kuhesabu upya kila nililofanya. Hili alifanya kwa sababu ile, lile kwa sababu hii. Acha."

"Sasa ile khanga na kofia? Ile mikutano? Ulikuwa unaigiza?"

Hapo midomo ikaanza kutetemeka. "Mimi kuigiza? Mwalimu, mimi chama changu nakipenda. Nilikuwa naumia kila nikikizomea. Lakini nilikuwa nimeshika kizibo cha maji ya watu. Ungependa nipende chama kwa mkono huohuo?" Machozi yakashuka, hakuyafuta. "Na wale wengine walikuwa na nusu yao. Nilikuwa naiona. Nisingeweza kusema sijaiona."

Nilikuwa nimekuja kufungua fundo, sasa nikawa na mawili. Nikamuuliza basi kama alifanya sawa kubomoa.

"Sijui," alisema. "Tangawizi yako ilikauka. Niliiona. Sijui, mwalimu. Ila kosa langu la kweli nalijua, na si la Jumamosi nilipobomoa. Ni la Jumanne. Walipoanza kujenga mimi nilikaa nyumbani nimekasirika. Nilingoja wafike katikati ndipo nikakague. Katikati haifikiwi vile. Watu wakianzia kwao, wakifika pale wameshachoka, na kila mmoja ana ukuta wake wa kujivunia. Ningekwenda asubuhi ileile nikasimama palepale katikati, nikapiga kelele wote wanisikie. Sauti ninayo." Akawasha tena redio. "Nenda sasa, usikose gari. Na mwambie Samweli ule mfuko wa viazi niliomrushia sijausahau."

Nimerudi Mamba na bado sijamwelewa. Sijui kama alikuwa mtu wa katikati mwenye moto, au mtu wa moto aliyejikalisha katikati, na sijui kama hayo ni mambo mawili. Lakini tangu nirudi vuli imekata ukuta tena kidogo, na kesho ni mimi ninayepuliza baragumu. Nawe, popote ulipo, una kitu unachojenga na watu usiopatana nao. Siku ya kazi, usianzie upande wako. Nenda mapema, tafuta katikati, weka jiwe lako la kwanza pale, kisha mwite wa upande wa pili kwa sauti mpaka aje aweke lake juu yake.